Swali la Mwizi

Kibaigwa, 16 Februari 2025

Binamu Asnath, msomi wa ukoo,

Shikamoo sikupi. Bibi Lea alishasema binamu hapewi shikamoo, anapewa kejeli, na kwa kejeli mimi sijambo. Ni mzima, shingo imenenepa kwa magunia, na kama kuna hofu basi ni juu ya tumbo lako linalokula ugali wa kupimiwa huko Nkuhungu. Shangazi yako, yaani mama yangu, yuko Mlali. Mguu umepona, sasa anakimbiza kuku wa jirani bila fimbo. Mvua ilinyesha, ikatununia, ikarudi yenyewe bila kubembelezwa. Mtama umesimama.

Barua yako nimeipokea kwa Obadia, kondakta wa kosta ya asubuhi. Alinipa kwa mikono miwili kama anakabidhi kichanga. Utaratibu huu nimeupenda. Tangu matapeli walipoichukua namba yako ya simu wakauandikia ukoo mzima kwamba umelazwa na unaomba nauli, mimi simu yako siiamini hata ikiongea kwa sauti yako. Lakini mwandiko wako naujua. Na wangu hauigiki, maana hata mwalimu aliyenifundisha alishindwa kuusoma.

Sasa tuje kwenye shida yako. Kama nimekuelewa, msimamizi wako, Dkt. Evodia, amekataa majibu ya wanafunzi peke yao. Anataka watu wa nje ya chuo wanaotumia hizi sarafu za mtandaoni, wafanyabiashara wenye jasho ndani yake, waseme wanazilindaje zisiibwe. Na usipowapata kabla ya Juni kwisha, wenzako watavaa majoho na wewe utawashikia mikoba wapige picha.

Binamu, umefika kwa mwenyewe. Hapa sokoni wapo. Wanunuzi wa ng'ambo ya mpaka ndio waliowafundisha: lori linaondoka na mahindi, noti huioni, bali tajiri anatazama simu anatabasamu peke yake kama mwali. Kusema hawasemi. Lakini mimi nasimama kwenye mizani kutwa, na kila anayetabasamu namjua. Bosi wangu mwenyewe, Mzee Elieza, mzee wa kanisa, namwona.

Leta karatasi zako. Mimi Noeli, kidato cha pili na nusu, nitakujazia zote kabla Dkt. Evodia hajamaliza kikombe chake cha chai.

Mimi, ambaye mizani ya Kibaigwa hunisalimia kwanza,
Noeli


Nkuhungu, 2 Machi 2025

Noeli mdogo wangu mwenye mdomo mkubwa,

Nimefurahi Shangazi amepona. Mwambie kuku awaache, namwombea goti. Mimi niko salama. Maji hapa yanatoka yanapotaka yenyewe, kwa hiyo mwenzangu wa chumbani na mimi tumekuwa wachotaji kwanza, wanafunzi baadaye. Baba anakusalimu, anauliza lini utarudi shule. Nimemjibu kwamba shule inaendelea kupumzika.

Madodoso hayo hapo, nimeyafunga kwenye mfuko wa rambo yasilowane. Tafadhali soma haya mara mbili, najua mara ya kwanza utakuwa unacheka.

Kwanza, jina la mtu haliandikwi popote. Pili, mtu anajibu kwa hiari yake na anasaini pale juu kwamba amekubali. Akikataa, mshukuru uondoke. Tatu, humuulizi mtu namba yake ya siri, wala mahali alipoificha. Tunauliza tabia tu: je, namba hiyo hiyo anaitumia kwingine? Yupo mwingine anayeijua? Yale maneno ya akiba, ambayo simu ikipotea ndiyo yanayokurudishia mali yako, ameyahifadhi kichwani, kwenye karatasi, au kwenye simu ile ile? Basi.

Na usijisifu sokoni. Nakuomba kwa jina la Bibi. Jambo hili si la kupigia kelele kwenye mizani.

Nimelisubiri joho hili miaka mingi, Noeli. Sitaki kulipata kwa ujanja, na sitaki kulikosa.

Dada yako kwa umri, mtani wako kwa ukoo,
Asnath


Kibaigwa, 23 Machi 2025

Msomi,

Salamu za Mlali zimenijia na kibuyu cha maziwa ya mgando, lakini kibuyu hakitafika kwako, kimekwama njiani tumboni mwangu. Mama anasema uwele mwaka huu ndege watautambua. Obadia anasalimu, amenyoa ndevu na sasa anafanana na kaka yake mdogo.

Nianze na aibu ili nimalize na sifa.

Unalijua bambo? Kile chuma chenye ncha tunachochoma nacho gunia kuona kama mahindi ya ndani yanafanana na ya juu. Gunia huwa halisemi kitu. Dodoso lako ni bambo, binamu, ila tunalichoma kwa watu.

Nilianza na Mzee Elieza kwa heshima, kofia mkononi. Nikamsomea: "Je, yupo mtu mwingine anayejua namba yako ya siri?" Akaacha kuhesabu magunia. Nikasoma la pili: "Je, simu yako ikiibwa, mwizi ataweza kuifungua?" Akavua miwani.

"Noeli," akasema, "anayeuliza mlango unafungwaje ni fundi au ni mwizi. Randa yako iko wapi?"

Watu wakacheka. Tangu hapo nikikaribia na karatasi, matajiri wanakumbuka wana safari. Mmoja alininong'oneza kwamba nimetumwa na watu wa kodi. Mwingine akasema haya si maswali ya shule, haya ni maswali ya mwizi, ila mwizi mwenye adabu, anayetaka usaini kwanza.

Mwenzako sikulala na aibu hiyo. Nikajiambia: Noeli, Kibaigwa hii kuna Mgogo ambaye amewahi kusema udhaifu wake? Hakuna. Na kuna ambaye amewahi kunyamazia udhaifu wa mtani wake? Hakuna pia! Basi nikaacha kumuuliza mtu kufuli lake. Nikamuuliza la mtani wake.

Unamkumbuka Masudi, Mnyamwezi wa mchele? Nikamwendea pale mizani, watu wamejaa. "Ewe mpagazi wa Kinyamwezi, eti Wagogo ndio wanaojua kulinda mali?"

Akarusha mikono. "Wagogo? Wanaojua kulinda ni mbuzi tu, na mbuzi wenyewe wanajilinda! Muulize huyo Elieza wenu. Simu yake ya sarafu anailaza ndani ya zeze la marehemu baba yake, lile lililotundikwa ofisini. Eti mwizi hapigi muziki! Na namba ya kufungulia ni mwaka aliobatizwa. Kanisa zima linaujua, mpaka kwaya ya watoto!"

Binamu, watu walikaa chini kwa kicheko. Mchuuzi wa viazi alimwaga viazi. Na baada ya hapo kila mtu akataka zamu. Mhehe akamsema Mgogo, Mgogo akamsema Mhehe, mimi naandika tu mpaka wino ukaniomba msamaha. Karatasi zote zimejaa. Zingine nimeandika hata nyuma.

Saini sikuzipata, lakini saini ya nini wakati watu wamesema kwa kupiga kelele?

Kamwambie Dkt. Evodia kuna profesa Kibaigwa, anavaa kandambili.

Noeli


Nkuhungu, 6 Aprili 2025

Noeli,

Nyumbani hawajambo, Baba amepona mafua, hayo tuyaache hapo.

Nimezisoma karatasi zako zote. Nilicheka mpaka wa chumba cha pili akagonga ukuta. Kisha nikaacha kucheka. Majibu haya yana uhai kuliko yote niliyokusanya chuoni, na sina ruhusa ya kutumia hata moja, kwa sababu kila aliyesemwa humu hakuulizwa yeye. Nani kakubali? Anayesema si mwenye mali, na mwenye mali hajui kwamba ameandikwa.

Lakini hilo ni langu, nitahangaika nalo mwenyewe. Lako ni hili, na ni la leo. Mzee Elieza. Soko zima limesikia simu yake inalala wapi na inafunguliwa kwa namba gani. Masudi alifanya utani. Aliyemchokoza akasema mbele ya umati ni wewe. Unapoipata barua hii, usile, usikae. Nenda kamwambie Mzee Elieza ahamishe simu na abadili namba. Mwambie ni kwa sababu yetu. Usimwachie mwingine akamwambie.

Unijibu kwa gari la kesho yake.

Asnath

Karatasi ninazo kabatini. Usiniulize nitazifanyaje.


Mlali, 27 Aprili 2025

Mpendwa binamu,

Za siku. Unaona niko Mlali, nimekuja kumpumzisha mama. Mtama umeanza kubadilika rangi na ndege wamekuja na wajukuu. Nashinda juani napiga debe kuwafukuza. Mbuzi yule mweusi amezaa pacha, mmoja tumempa jina lako kwa sababu anabisha. Mama anakuuliza kama bado unakula. Bibi Lea amepoteza jino la mwisho la mbele na anasema sasa hatalazimika kumchekea mtu.

Sokoni nimepumzika kidogo. Mgongo. Unajua tena lumbesa, gunia lile linajazwa mpaka linaota kichwa, anayelibeba ni mwanadamu.

Yale ya Mzee Elieza usiyawaze. Wewe andika kitabu chako.

Kuna baridi asubuhi. Vaa sweta.

Noeli


Nkuhungu, 11 Mei 2025

Noeli,

Shikamoo kwa Shangazi na kwa Bibi. Kwako sina salamu mpaka unijibu.

Uliniambia mgongo. Obadia ameniambia mengine, tena alidhani najua. Kwamba simu ya Mzee Elieza haipo. Kwamba alikuondoa kwenye mizani mbele ya watu na kusema msichana wa chuo na binamu yake walikuja na karatasi za serikali kumpekua ili wamwibie. Kwamba tangu siku hiyo hakuna tajiri anayekupa gunia la kubeba, na wewe ukaondoka kwa miguu kuelekea Mlali, hukutaka hata lifti ya Obadia mwenyewe.

Kuna mtu wa huko amepiga simu chuoni. Dkt. Evodia aliniita. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliniambia: Kibaigwa iache. Andika kwa majibu ya wanafunzi uliyonayo, badili kichwa cha tasnifu kidogo, mimi nitakutetea, Juni unamaliza. Nimempa ahadi ya kumjibu.

Nikupe na langu. Majibu yako nilikuwa nimeshaanza kuyachapa. Nilikuambia siwezi kuyatumia na bado nikayachapa.

Sasa naweka utani chini, Noeli. Kwa mara moja tu usinijibu kama binamu. Ulijua simu ilipo na ulijua namba. Umeichukua wewe?

Asnath


Mlali, 18 Mei 2025

Asnath,

Sikuichukua.

Barua yako ya kwamba nikamwonye niliipata. Sikwenda siku ile. Masudi ni mtani, naweza kumwambia lolote. Mzee Elieza ni baba, tena ndiye anayenipa kazi. Nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia baba kwamba nimemvua nguo mizani nzima ikicheka. Nilipoyapata nikaenda, kofia mkononi tena. Nikamkuta ameliangusha zeze mezani, anatikisa. Ndani hakuna simu. Ulidondoka mchele tu, konzi moja, akasema panya, akawatupia kuku. Kisha akaniona mlangoni.

Hakunipiga. Afadhali angenipiga.

Fanya alivyosema mwalimu wako. Maliza Juni uvae joho. Ya Kibaigwa niachie, mimi ni mtu wa huko.

Noeli


Nkuhungu, 1 Juni 2025

Noeli ndugu yangu,

Naanza na samahani, kabla ya salamu, kwa sababu nilikuuliza swali lile lile ambalo Mzee Elieza alilijibu mwenyewe bila kukuuliza. Umesema hukuichukua. Imekwisha, sitakuuliza tena.

Baba anakusalimu. Nimemwambia yote. Akasema, "Huyo mtoto arudi sokoni, asijifiche. Aliyejificha ameshakubali." Nami nasema hivyo hivyo.

Nilikwenda kwa Dkt. Evodia. Nilibeba karatasi zote za Kibaigwa, na yale niliyochapa nikayafuta mbele yake. Nikamwambia sitabadili kichwa cha tasnifu. Utafiti wangu unahusu watu wanavyolinda mali zao. Nikiwakimbia walioumia kwa sababu ya utafiti wenyewe, nitakuwa nimeandika nini? Nitaanza upya, mtu kwa mtu, kila mmoja aniambie lake kwa kinywa chake akitaka. Akaniuliza kama naelewa kwamba wenzangu watahitimu bila mimi. Nikasema nitawashikia mikoba, nimeshaambiwa na mtaalamu.

Na jambo moja zaidi. Kama Mzee Elieza atakataa kujibu, Kibaigwa haitaingia kabisa katika kitabu changu. Sitaandika soko lile nikimruka yeye.

Sasa nisikilize. Nimeirudia barua yako mpaka imelegea. Umesema mchele. Noeli, ofisi ile ina mahindi mpaka darini. Panya gani anayeacha mahindi yote hayo, akaenda kutafuta mchele, akaubeba mpaka ukutani, akauweka ndani ya zeze? Na konzi nzima?

Nani anauza mchele hapo? Na amekuwa wapi tangu siku hiyo?

Baba ananikumbusha msiba wa babu. Watani walipoteka jembe lake, walituachia nini mahali pake? Muulize Bibi Lea. Kisha umpigie huyo mtu simu. Ongea naye kwa lugha anayoisikia.

Asnath


Kibaigwa, 22 Juni 2025

Binamu, binamu, binamu!

Angalia juu kabisa pa karatasi, nimeandika Kibaigwa. Kaa kitandani, ndoo ya maji weka chini.

Bibi Lea alinijibu bila kufikiri: mtani akiteka kitu chako lazima aache alama yake mahali pale, ujue aliyechukua na umfuate kukomboa. Asiyeacha alama ndiye mwizi. Kwenye msiba wa babu waliacha kichwa cha mtama. Mama akapiga goti lake zima kwa kicheko, likauma upya, lawama ni zako.

Nikapanda kilima penye mtandao nikampigia Masudi. Yuko Nzega. Alikwenda kumuuguza mama yake, akabaki kununua mchele. Nikamwambia, "Ewe mpagazi, mzigo wa watu uko wapi?"

Akapiga kelele sikio likaziba. "Hatimaye! Mgogo gani huyu asiyekuja kukomboa mali yake? Nimengoja mpaka nikadhani ametajirika! Nilimwachia mchele wa daraja la kwanza!"

Nikasema, "Alidhani ni mchele wa panya. Kawapa kuku."

Kisha nikamwambia mimi niko wapi na kwa nini. Akanyamaza. Sijawahi kumsikia Masudi kimya, nilidhani salio limekwisha. Akasema, "Nakuja, mdogo wangu. Usimwambie mtu."

Ijumaa lori lake likaingia. Mimi nilirudi sokoni asubuhi ile ile, nikasimama mizani kama alivyosema Mjomba, hakuna aliyenipa gunia wala salamu. Masudi akashuka amejifunga kamba ya mbuzi shingoni, na kwenye kamba inaning'inia simu. Akazunguka mizani akilia kilio cha msiba: "Nimekuja kuzika mali ya Elieza! Aliyeteka ni Masudi, alama aliacha, kuku wamekula alama! Nani atanikomboa kamba shingoni?"

Mzee Elieza akatoka. Ungemwona uso. Amemwita mtu mwizi bure, na anayestahili kugombezwa hagombezeki, ni mtani. Ukimkasirikia mtani umejitangaza huna ukoo. Akaitazama simu, akaingia ndani, akaikagua. Kila kitu chake kilikuwa kama alivyokiacha. Masudi akasema kwa sauti ya kawaida, hapo hakuwa anatania: "Nimeteka simu, sikuteka shamba. Sikuifungua. Lakini Elieza, aliyesikia pale mizani si mimi peke yangu. Ningekuwa mwingine?"

Jioni Mzee Elieza alitoa mbuzi wa kukombolea, akachinjwa. Masudi alikula paja.

Mimi sikuitwa kwenye nyama. Ila wakati wa kufunga ofisi Mzee Elieza alipita karibu yangu akasema, "Kesho uje mapema. Kuna lori la kupakia." Hilo tu. Nilitaka kusema ndiyo baba nikimbie. Nikakumbuka umeyafuta uliyochapa mbele ya mwalimu. Nikasema, "Nitakuja, baba. Na binamu yangu naye atakuja, na karatasi zake. Atakuomba mwenyewe."

Akafunga ofisi akaenda zake. Lakini hakusema hapana. Njoo.

Noeli


Nkuhungu, 20 Julai 2025

Noeli,

Nimefika salama, nywele zimejaa pumba, mwenzangu anasema nanukia ghala. Mshukuru Shangazi kwa karanga. Nimezifikisha zote, mimi si wewe na kibuyu.

Mshukuru na Masudi kwa kutangulia kusaini. Baada yake wengine walikuja wenyewe, nawe uliona. Hata yule aliyedhani umetumwa na watu wa kodi alijibu, ingawa alikuwa anafunika karatasi kwa kiganja kama yuko kwenye mtihani.

Ila Mzee Elieza alikaa ofisini siku zote tatu nilizokuwa hapo sokoni. Nilimsalimia, aliitikia. Nilimwomba radhi, akaitikia pia, kwa kichwa. Dodoso nikaliweka mezani pake. Nilipoondoka lilikuwa pale pale, jeupe.

Dkt. Evodia ananiambia waliojibu wanatosha. Nimemjibu kwamba hajaelewa. Dirisha la kukusanya majibu linafungwa katikati ya Agosti. Usimsukume. Usimkumbushe. Usitumie ujanja wowote, nakufahamu. Akikataa, ni haki yake, na mimi nitaitoa Kibaigwa kama nilivyosema.

Asnath


Kibaigwa, 10 Agosti 2025

Msomi wangu,

Mama hajambo, Bibi hajambo, mbuzi Asnath anabisha. Haya, salamu zimekwisha, sina subira.

Sikumsukuma. Naapa kwa jino la Bibi lililotoka. Nilikuwa nabeba magunia mdomo umefungwa, mpaka watu wakaniuliza kama nimeokoka.

Jana soko limechangamka, malori yamepanga mstari hadi barabarani. Mzee Elieza akatoka ofisini na karatasi yako, akaja kuketi juu ya gunia pale mizani, katikati ya watu. Akasema, "Noeli. Hii imeandikwa kizungu cha Kiswahili. Nisomee."

Nikafuta mikono. Nikaanza na lile la juu, kwamba anajibu kwa hiari yake.

"Naweza kukataa swali?"

"Lolote, baba."

"Na jina langu haliandikwi?"

"Haliandikwi."

Akawatazama wote waliosimama. "Mnasikia? Leo nasema mwenyewe." Na akajibu, Asnath. Moja baada ya lingine, kwa sauti, kama anasoma somo kanisani. Kwamba namba aliichagua asiisahau, hakufikiri wengine nao hawataisahau. Kwamba maneno ya akiba hakuwahi kuyaandika popote, na siku zote zile simu ilipokuwa Nzega alikuwa anajaribu kuyakumbuka, hakukumbuka hata moja, na mke wake hakujua kwa nini hali chakula. Watu hawakucheka. Yule anayefunika kwa kiganja alikuwa anatikisa kichwa, nikajua na yeye hajaandika.

Tukafika mwisho. Nilitakiwa nimpe kalamu tu. Lakini unanijua. Shetani akanishika ulimi. Nikamuuliza ambalo kwenye karatasi halimo:

"Na sasa, baba, simu inalala wapi?"

Mpagazi mmoja alisimama na gunia mgongoni, hakulishusha. Nikaona kazi yangu inapanda lori la Dar. Mzee Elieza alinitazama kuanzia kandambili, akapanda polepole, akafika usoni.

"Kamuulize Masudi," akasema.

Masudi, kutoka juu ya mchele wake: "Mimi nimelishwa mbuzi! Mdomo haufunguki!"

Soko lilivyolipuka, hata madereva walishuka kuuliza kuna nini. Mzee Elieza hakucheka. Alinichukulia kalamu mkononi, akaweka karatasi juu ya goti, akasaini taratibu, majina yake yote matatu, ingawa jina hakuombwa. Kisha akanirudishia kalamu na kuniambia lori la pili linasubiri, au nimekuwa mwalimu.

Karatasi imo ndani ya bahasha hii. Obadia nimemwapisha.

Noeli